Chifu Tembo na Kosa la Kusimama

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanga vyumba na kusaga mahindi mashineni kama sisi, Chifu Tembo alitunga sheria: atakayeonekana amesimama bila kazi ni mzururaji, naye atapalilia shamba la chifu siku tatu.

Sheria gani hiyo, wanangu! Kazi utaipataje bila kusimama kuingoja?

Digidigi, mama wa watoto wawili, alisimama sokoni akisubiri kibarua. Mara, kop! Askari Fisi akamfunga kamba mguuni.

"Unafanya nini hapa?"

"Nangoja kazi, afande. Wanangu hawajala tangu jana."

"Kungoja si kazi! Jembe lako liko wapi? Twende shambani!"

Digidigi akawaza. Siku tatu! Wanawe watakula nini?

Walipopita nyuma ya mashine ya kusaga, walimkuta mnyama mkubwa amesimama, amewapa mgongo, tope jekundu limemjaa kichwani hadi mkiani. Fisi hakumtambua. Digidigi alimtambua mara moja.

"Afande," akanong'ona, "mimi nitapalilia tuta moja tu, nianguke. Yule je? Hana jembe, na amesimama tu!"

Fisi akakenua meno. "Yule atamaliza shamba zima!"

Kamba ilikuwa moja, basi akamfungua Digidigi, akanyata, nyatu, nyatu, akaikaza kwenye mguu wa nyuma wa mnyama yule.

"Mzururaji wee! Unafanya nini hapa?"

"Namngoja mke wangu, anasaga."

"Wote husema hivyo! Kungoja si kazi! Jembe lako liko wapi?"

Mnyama akageuka. Lahaula! Chifu Tembo mwenyewe! Fisi akaiachia kamba.

"Mpumbavu! Tangu lini kumngoja mke ni kosa?"

"Tangu ulipotunga sheria, Chifu," akajibu Digidigi kutoka mbali kidogo. "Mimi nilingoja kazi, wewe unangoja unga. Twende wote tukapalilie!"

Waliokuwa mashineni wakacheka, kwa! kwa! kwa! Mke wa chifu akatoka, uso mweupe kwa unga. "Mume wangu, nikakuletee jembe?"

Chifu akaona haya kwelikweli. "Sheria hii imekufa leo," akasema. "Kila mtu asimame anapotaka. Na wewe Fisi, nifungue!"

Mke wa chifu akampa Digidigi kibarua cha kubeba unga, na watoto wake wakala ugali wakashiba.

Hadithi imefika ukingoni, wanangu: mtunga sheria na aijaribu kwanza mguuni mwake.