Medali za Maonyesho ya Mapori Yote

Ti!

Mmeisikia? Tumeisikia! Basi paukwa! Pakawa, tupe uongo ulioiva!

Nyundo hiyo iliyolia usiku ilikuwa ya Sange, kale kapanya kenye pua ndefu. Alikuwa akifua medali za Maonyesho ya Mapori Yote. Ti! ti! ti! Medali ya asali bora. Ti! ti! ti! Medali ya kiota bora. Ya mwisho, nzito kuliko zote, ilikuwa ya fundi bora, na hiyo Sange aliitamani mpaka pua ikamcheza. Desturi ilikuwa hivi: medali haitolewi mpaka mwenyekiti ataje jina la mshindi kwa sauti. Na fundi asiyetajwa hunyang'anywa kibanda chake.

Mwenyekiti alikuwa Kiboko.

"Asali bora!" akanguruma. Nyuki wakajipanga. Kiboko hakutaja jina, akajivalisha medali mwenyewe.

"Kiota bora!" Mnana akanyoosha shingo. Kiboko akajivalisha.

"Wembamba bora!" Nyoka akajinyoosha. Kiboko akavuta tumbo ndani, akajivalisha.

"Fundi bora!" Sange akasogea mbele.

"Wewe nani vile?" Kiboko akauliza. Akajivalisha.

Sange akaona kibanda kinakwenda hivihivi.

"Shikamoo, mheshimiwa. Umependeza! Ila wageni wa nyuma wanalalamika, hawakuoni. Pale katikati ya bwawa ungeonekana vizuri."

"Hata na wa ng'ambo?"

"Hao hasa!"

Kiboko akaingia. Chubwi! Tope likamshika miguu, medali zikamvuta shingo.

"Nivueni, jamani!"

"Desturi, mheshimiwa," Sange akasema. "Haitoki mpaka utaje jina."

"Nyuki!" Nyuki wakashuka, vuu, wakaichukua yao. "Mnana!" Mnana akaichukua yake. "Nyoka!" Nyoka akaichukua yake. Ikabaki ile nzito. Tope likamfika kidevuni.

"Bado moja, mheshimiwa."

"Ya huyo jina lake limenitoka."

"Basi kaa nayo. Imekukaa vizuri."

Hapa naitua ngano yangu, mwenye kikapu aiokote. Na funzo lake, wanangu: waheshimuni wenyeviti, na mkiziona medali za wenzenu, vaeni zote bila aibu.

Na Kiboko je?

Ah, Kiboko! Tope likamfika puani. Blu, blu, blu. Kisha, kwa sauti nyembamba kama ya mbu, akasema:

"Sange."