Karibu Moja, Mzigo Mmoja

Wewe uliyekaa hapo mbele, ukipigiwa hodi na mtu unayemwogopa, utamjibu nini?

Usinidanganye. Utasema "karibu." Litakutoka tu kama chafya, kwa sababu tangu ulipojua kusema umefundishwa kwamba hodi haiachwi ikining'inia mlangoni. Yuko mwenzenu mmoja, mdogo kuliko paka wa jikoni, ambaye neno hilo nusura limwache bila cherehani wala pango. Sogeeni, niwaambie.

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba, na nyumba zina milango, na kila mlango una kodi yake, aliishi Pimbi mmoja jina lake Mashavu. Alikuwa mjane, miguu mifupi, uso wa mviringo, na jina lake mnaona wenyewe lilitoka wapi. Alikaa katika pango dogo la mawe na kazi yake ilikuwa kushona. Kutwa nzima ungesikia cherehani yake: kacha-kacha-kacha-kacha! Swala akitaka gauni la harusi, kwa Mashavu. Nyani akipasua suruali makalioni, na Nyani hupasua kila wiki, kwa Mashavu.

Sasa, Baraza la Wanyama lilitoza kodi ya nyumba, hata kama nyumba yenyewe ni tundu. Mashavu hakuwa amelipa misimu miwili. Msimu wa kwanza mvua ilikatika, harusi zikaahirishwa, na bila harusi fundi atakula nini? Msimu wa pili alikuwa na akiba kidogo. Akanunua pazia. Ndiyo, pazia, la maua mekundu, ili majirani wasiseme Mashavu amefilisika. Msicheke. Nawajua watu wazima wenye akili timamu waliofanya zaidi ya hayo.

Barua za Baraza zilipokuja, alizisukuma chini ya godoro bila kuzifungua. Alijiambia kwamba barua isiyosomwa haijafika. Lakini ilikuwa imefika, na ya pili ikafika, na ya tatu, mpaka godoro likaota nundu na Mashavu akawa analala upande mmoja.

Asubuhi moja jirani yake, Bi Nungunungu, akaja mbio, miiba yote imesimama.

"Mashavu! Mashavu mwanangu! Wamebeba kitanda changu!"

"Nani, shangazi?"

"Dalali wa Baraza! Yule Ngiri, na Kifaru wake!"

Cherehani ikasita. Kacha... kacha... Kimya.

"Kwani shangazi, uliwakaribisha?"

Aliuliza hivyo kwa sababu sheria ilikuwa wazi, na hata watoto waliijua. Dalali havunji mlango. Atapiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, anarudi alikotoka. Akijibiwa "karibu", anaingia na kubeba mzigo mmoja tu, kadiri ya mgongo wa Kifaru. Akitaka mzigo wa pili, aje siku nyingine apige hodi nyingine. Karibu moja, mzigo mmoja. Na hiyo karibu lazima Kifaru aisikie kwa masikio yake mwenyewe, ndipo akanyage daftari kuweka alama ya mguu wake. Kifaru alichaguliwa kwa kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo.

"Mimi? Niwakaribishe?" Bi Nungunungu akapiga kifua. "Mdomo wangu ulikuwa umejaa muhogo! Lakini Kifaru ameapa kwa mama yake kwamba amesikia. Na Kifaru hasemi uongo." Akashusha sauti, miiba ikalala mmoja mmoja. "Labda nilisema, mwanangu. Maisha yangu yote nasema karibu. Huenda limenitoka lenyewe. Uzee huu..."

Mashavu akamshika mkono.

"Halafu," bibi akaongeza, "wameulizia kwako. Ngiri amesema kesho ni zamu ya Pimbi."

Jua la kesho yake lilipopanda, Mashavu alikuwa ameshajifunga kanga mdomoni. Mafundo matatu! Hakuuamini ulimi wake. Akashusha pazia la maua mekundu, akajibanza nyuma ya cherehani, akangoja.

Du. Du. Du.

Pini zikaanza kucheza ndani ya kopo: che-che-che-che.

Du! Du! Du! Vumbi likadondoka kutoka kwenye dari ya pango.

"Hodi!"

Ulimi wa Mashavu ukajinyanyua wenyewe. Akauuma.

"Hodi hapa!"

Jasho likamtoka kwenye nyayo. Akafumba macho.

"Hodi wenyewe!"

Akabana pumzi. Moja hiyo, mbili hiyo, tatu hiyo. Zimekwisha! Sasa wataondoka. Lazima waondoke.

"Karibuuu!"

Sauti nyembamba ya mwanamke ikavuma ndani ya pango, ukutani, darini, nyuma ya kisogo chake. Na sauti ile ilikuwa yake mwenyewe! Mashavu akajishika kinywa. Fundo la kwanza lipo. La pili lipo. La tatu lipo. Nywele zikamsimama mgongoni kote.

Pazia likafunguliwa, vrap! Kikaingia kichwa cha Ngiri, meno yake yamepinda juu kama mundu, daftari kwapani, magoti yamejaa vumbi jekundu.

"Asante kwa ukarimu wako, dada."

Mashavu akaichana kanga. "Sikusema! Tazama, nilijifunga mdomo!"

"Wote hujifunga wakishasema," Ngiri akacheka. "Mjomba Kifaru! Umesikia karibu?"

Kutoka nje ikaja sauti nzito, ya taratibu. "Nimesikia. Naapa kwa mama yangu."

Basi tena. Wakatoa sufuria, wakatoa kinu na mchi, wakatoa kitanda. Ngiri alipolinyanyua godoro, barua zikamwagika sakafuni: pwata, pwata, pwata.

"Lo! Kumbe dada unalalia ofisi nzima ya Baraza!"

Mashavu aliinamisha uso. Alitamani jiwe lipasuke limmeze.

Ngiri akaipapasa cherehani kwa kwato yake, polepole. "Hii haikuenea kwenye mzigo wa leo. Kesho saa nne naifuata."

"Bwana dalali, nakuomba! Hiyo ndiyo inayonilisha. Ukiichukua, deni nitalilipa kwa kitu gani?"

"Hutalilipa," Ngiri akasema, na safari hii hakucheka. "Utashindwa, nami nitalichukua pango. Mpangaji nimeshampata."

Du, du, du, wakaondoka na vitu vyake.

Mashavu akabaki sakafuni katikati ya barua. Mdomo ulikuwa umefungwa, hilo alikuwa na hakika nalo. Sasa nani alisema? Au ana jini linalomsemea?

Bi Nungunungu alimletea bakuli la uji, maana sufuria ya kupikia hakuwa nayo tena.

"Kunywa, mwanangu. Na usimchukie sana yule Ngiri, anatumwa tu. Ana adabu zake pia. Hujaona anavyopiga magoti mlangoni?"

Mashavu akashusha bakuli. "Anapiga magoti? Lini?"

"Akishapiga hodi ya tatu. Nilimchungulia kwenye ufa. Anapiga magoti, anainamisha pua mpaka inagusa kizingiti. Dalali gani mnyenyekevu hivyo?"

Wanangu, Ngiri mmewahi kumwona akila majani? Hupiga magoti. Hupiga magoti kwa ajili ya tumbo lake, na hajawahi kumpigia mtu mwingine yeyote.

"Shangazi," akasema taratibu, "Kifaru anaona mbali?"

"Kifaru? Haoni kinachopita pembe yake! Ila pua na masikio, usimchezee."

Hapo Mashavu akajua atakachofanya, na alipokijua hakuweza kumaliza uji. Jambo lenyewe lilimtaka atoke nje ya pango, awafuate wale wale aliowakimbia.

Saa nne ilipokaribia, alipenya kwenye ufa wa nyuma, akapanda mwamba mpaka juu ya mlango wake, akalala kifudifudi. Du. Du. Du. Hao, wanakuja! Ngiri mbele, Kifaru nyuma. Kama kawaida Ngiri akamwambia, "Mjomba, simama kivulini hapo," na Kifaru akasimama chini ya mwamba, pembeni kidogo, mahali ambapo macho yake hayafiki mlangoni.

Kutoka juu, pembe yake ilionekana kama mkuki uliosimikwa. Akikosea hatua moja!

Mashavu akaruka. Pwa!

"Ah," Kifaru akanguruma. "Wewe ndege mla kupe, leo umenenepa." Kisha akaongeza, "Na unatetemeka. Una homa?"

Mashavu akazidi kuing'ang'ania ngozi ya mgongo wake kwa nyayo zote nne.

"Hodi!" Ngiri akaita. "Hodi hapa! Hodi wenyewe!"

Kisha akapiga magoti, akatumbukiza pua kizingitini.

"Karibuuu!"

Jamani! Kusikia sauti yako ikitoka nyumbani kwako, nawe uko nje! Mashavu nusura ateleze.

"Umesikia, mjomba?"

"Nimesikia. Leta daftari."

Ngiri akalisukuma daftari nyuma kwa mguu, hakuinuka hata kidogo, pua yake imeelekea ndani ilikokuwa cherehani. Kifaru akanyanyua mguu wake mkubwa.

Sasa, Mashavu! Sema! Lakini ulimi ule ule uliotaka kumponza jana, leo ulikuwa umekufa mdomoni. Mguu ukaanza kushuka. Akatambaa mpaka kwenye sikio la Kifaru, akatoa sauti kama mbu.

"Mjomba. Usilikanyage."

Mguu ukasimama hewani. "Ndege anaongea?"

"Si ndege. Ninuse."

Kifaru akavuta pumzi. Fffuuu! "Mafuta ya cherehani. Chaki ya fundi. Wewe ni Pimbi." Akatafakari. Kifaru hutafakari polepole, lakini hutafakari mpaka mwisho. "Pimbi yumo ndani. Nimemsikia sasa hivi."

"Basi mwulize wako wangapi humo."

Kifaru akapaza sauti. "Mwenye nyumba! Mko wangapi humo ndani?"

Ngiri, kichwa chake kikiwa ndani ya pango, hakuwa amesikia minong'ono ile, wala hakushtuka. Alishazoea kudanganya na mazoea humfanya mtu mvivu wa kufikiri. Sauti nyembamba ikajibu kizingitini, "Niko peke yangu, mjomba! Mjane wa watuuu!"

"Na mimi," Mashavu akasema kwa sauti kubwa, "niko peke yangu huku mgongoni."

Ngiri akageuza shingo. Akamwona. Masikio yakamlala.

"Mchawi! Mjomba, huyo ni mchawi! Au... au ana pacha!"

"Pacha," Kifaru akarudia. Akasogea mlangoni, akanusa. "Ndani nanusa jiwe na nguo mpya. Kizingitini nanusa mate ya Ngiri." Akainamisha pembe mpaka ncha ikaugusa mkia wa dalali, ambaye bado alikuwa magotini.

Majirani walishaanza kutoka. Nyani amekuja ameshika suruali yake isianguke. Bi Nungunungu naye huyo.

"Na wewe, Pimbi," Kifaru akasema. "Deni ni la kweli?"

Mashavu angeweza kusema hakuletewa barua. Nani angembishia siku ile?

"Ni la kweli, mjomba. Misimu miwili. Barua nilizilalia, na fedha nikanunulia pazia." Akasikia Nyani akiguna. Akaendelea. "Nitakwenda Barazani kwa miguu yangu, wanipangie nilipe kidogo kidogo. Lakini karibu sikuitoa. Jana sikuitoa, na leo sikuitoa."

Kifaru akapumua kwa nguvu, vumbi likaruka.

"Umesikia, Ngiri? Kidude hiki kinanitetemekea mgongoni na kimesema lake. Mimi nimeapa kwa mama yangu mara ngapi kwa ajili yako? Kitanda cha bibi huyu nilikibeba mimi. Mama yangu amelala kaburini, na umemrundikia uongo juu."

"Nami nikadhani ni uzee wangu!" Bi Nungunungu akalia. "Siku mbili najiambia akili yangu imeniacha!"

Ngiri akatazama kushoto: miiba. Akatazama kulia: mwamba. Nyuma, mnajua kulikuwa na nini.

"Ni mimi," akanong'ona.

"Sikusikia," Kifaru akasema. "Sema kwa sauti yako. Yako mwenyewe."

"Ni mimi!" Ngiri akapiga kelele, na sauti ikavuma ndani ya pango tupu ikarudi kwa kila mtu. "Hakuna aliyenikaribisha! Si bibi, si Pimbi, si nyumba yoyote! Nilipiga hodi mwenyewe, nikajijibu mwenyewe!"

Basi wanangu, deni ni la mdaiwa kulilipa, lakini karibu ni ya mwenye nyumba kuitoa.