Safari Aliyoichagua Pimbi

Haya, sogeeni, na mwenye mahindi mdomoni atafune polepole nisikike. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na vyumba vya wageni kama sisi, Tembo alikuwa akiishi na mama yake mzazi, Bi Pembe. Mama alikuwa mzee hasa. Magego yake ya mwisho yalikuwa yamelika, na nyasi za pale kwao zilikuwa kavu kama ufagio. Alikuwa akitafuna asubuhi nzima, halafu anatema.

Tembo akaona wakikaa hivi hivi mama atakufa kwa njaa. Akaamua kumpeleka safari, mahali penye majani mabichi na laini. Lakini wapi?

Akaita kikao uani. Akaja jirani yake Nyati, akaja na Pimbi, yule mnyama mdogo kama sungura anayekaa kwenye mawe ya kilimani. Bi Pembe akaketishwa nyuma kwenye mkeka. Wakamuuliza kama ana kiu, akasema hana, wakaendelea na mazungumzo yao.

Nyati akasema amesikia habari za ziwa la magharibi. Pimbi akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyetembea sana, akasema ziwa lile ni magadi matupu, labda kama wanataka kufulia nguo. Nyati akakubali, maana hakuwahi kufika. Tembo naye akataja kinamasi cha kaskazini. Pimbi akasema huko kuna mbu tu, mgonjwa hapelekwi.

"Basi wewe umefika wapi?" Tembo akamuuliza.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Pimbi hakuwahi kufika popote. Kazi yake ilikuwa kuota jua juu ya jiwe, na akisikia kishindo, chupu, shimoni. Lakini wote walikuwa wakimtazama, na aliona haya kusema hajui.

"Niulize wapi sijafika," akajibu. "Nendeni kusini, Bonde la Samli. Mimi nimelala huko mara tatu. Majani ya huko huyatafuni, yanayeyuka yenyewe."

Mnacheka? Mimi siwezi kucheka sana. Siku moja mgeni aliniuliza njia, nikaona haya kusema siijui, nikamwonyesha kwa mkono kabisa, pita pale, kata kule. Akanishukuru. Mpaka leo sijui alifika wapi, na nikimkumbuka uso unaniwaka.

Basi, Tembo akafurahi. Kwa desturi yao kiongozi wa msafara hatembei kwa miguu, na yeye ndiye anayekula kwanza. Pimbi akapandishwa juu ya kichwa cha Tembo, akaletewa machipukizi na matunda, na safari ikaanza. Pu! Pu! Pu! Mbele Tembo, katikati Nyati, nyuma kabisa Bi Pembe na mwendo wake wa kujikongoja.

Pimbi huko juu alikuwa na hofu moja tu: kukipoteza kilima chao machoni. Kila mara kilima hicho kilipoanza kuwa kidogo aliamuru, "Kata kulia." Tembo anakata. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Akiulizwa bado mbali kiasi gani, anasema wamekaribia, anaendelea kula. Bi Pembe alijikwaa mara mbili, akainuka, akafuata.

Siku ya nne wakatokea kwenye jiwe kubwa lenye michirizi myeupe. Sasa sikilizeni, pimbi wa ukoo mmoja wote hujisaidia mahali pamoja, miaka nenda miaka rudi, mpaka jiwe linakuwa jeupe. Nyati akanusa. Akanusa tena. Akasema harufu hii anaijua, ni ya nyuma ya nyumba yake.

Kabla Pimbi hajapata la kusema, mkewe akatoka shimoni na mwiko mkononi. "Baba Kidoto, umerudi? Umesahau kitu?"

Pimbi akatafuta pa kujificha, lakini juu ya kichwa cha tembo hakuna shimo. Kila mtu alikuwa anamwona, mkewe na wanawe pia. Masikio yalimwaka moto. Akafumba macho.

"Sijawahi kufika kusini," akasema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kufika popote."

Tembo akainua mkonga amtupe.

"Mwache," akasema Bi Pembe. Siku nne hizo hawakuwa wameisikia sauti yake. Alikuwa ameshakaa chini, anahema. "Kinamasi cha kaskazini ni mwendo wa siku mbili. Nilikwenda wakati wewe unatembea chini ya tumbo langu. Ulizama kwenye tope, nikakuvuta."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Mwanangu, mliniuliza kama nina kiu."

Tembo akaushusha mkonga. Mwili wote ule, na hakujua auweke wapi uso wake. Akalia mbele ya jirani, wala hakujifuta.

Bi Pembe akasema miguu yake imebakiwa na siku mbili, labda tatu, na nne wameshazimaliza wakizunguka kilima. Akaomba asaidiwe kuinuka. Kuhusu Pimbi akasema abaki huko huko juu, naye akaone mahali.

Safari hii mama alitangulia. Walifika siku ya tatu, jioni. Bi Pembe akaingia majini, akang'oa fungu la majani, akayatia mdomoni. Wote walisimama wakimwangalia koo. Akameza.

Tembo alibaki ukingoni, kichwa chini, hakuthubutu kugusa hata jani moja. Mama yake alimwita aje kula. Ilibidi amwite mara tatu.

Ukitaka kujua pa kwenda, muulize aliyefika. Na ukiulizwa usipopajua, sema hupajui.