Kapteni Alipovua Buti

Sogeeni karibu. Hadithi hii mimi naijua mpaka kileleni tu. Kutoka hapo mtanisaidia nyinyi.

Zamani, Marekani ilipokuwa bado haijui magharibi yake kuna nini, Kapteni Harlow alitumwa kutafuta njia ya kuvuka milima na kuichora kwenye ramani. Alikwenda na watu watatu. Anselme, mtega wanyama, aliona nyayo hata juu ya mwamba. Ezra, mtumwa wa kapteni, alikuwa hodari wa mito. Nawia, binti wa watu wa milimani aliyetekwa akiwa mdogo, hakuwa amesahau lugha wala adabu za kwao.

Milima ilipowazibia njia, kapteni aliapa: "Atakayetuvusha ataomba kitu kimoja, nami nitampa." Ezra aliposikia, aligeuka kumtazama. Alijua ataomba nini. Alikuwa akikitaka tangu apate akili.

Anselme ndiye aliyeiona njia. Alifuata nyayo za kulungu hadi kwenye upenyo ambao wenzake walidhani ni kivuli tu.

Lakini upenyo ulikuwa ng'ambo ya mto mkali. Katikati mtumbwi ulipinduka. Ezra aliruka majini, akauvuta kwa kamba hadi ng'ambo mpaka viganja vikachunika, na hakuna aliyezama.

Ng'ambo waliwakuta wenye milima, mishale tayari. Kwao, mtu huvua viatu kabla ya mazungumzo, maana yake: nikidanganya, nitembee pekupeku maisha yangu yote. Kapteni akaketi na buti zake miguuni. Pinde zikavutwa! Nawia akapiga magoti, akamvua buti kwa mikono yake, akaomba radhi kwa lugha ya mama yake. Pinde zikashushwa, wakapewa farasi wa kuwavusha.

Kileleni, watatu hao walisimama mbele ya kapteni.

"Ndugu yangu alikufa kwa baridi milimani humu akiitafuta njia hii," alisema Anselme. "Iandike kwa jina lake kwenye ramani."

"Usiichore kabisa," alisema Nawia. "Ukiichora, watakuja wengi, na hao hawatavua viatu."

Ezra alipiga hatua moja mbele. "Bwana, niache huru."

Nawia alimgeukia. "Ezra, huyu atakupaje kilicho chako?"

"Najua ni changu, dada. Lakini yeye ndiye aliyekishika."

Hakuwahi kulisema hilo kwa sauti. Aliumia zaidi kwa sababu aliona wazi kwamba ombi la Nawia lilikuwa zito kama lake.

"Niliapa kimoja," alisema kapteni. "Nitatoa kimoja."

"Basi kabla hujajibu," Nawia akamwambia, "vua buti."

Akazivua. Na mimi nimemwacha hapohapo, ameketi, miguu mitupu kwenye theluji, na Ezra anamtazama mdomoni. Bila Anselme wasingeiona njia, bila Ezra wasingeifikia, bila Nawia wasingeipita wakiwa hai.

Haya, miguu yake inaganda. Ungekuwa wewe, ungempa nani?