Susu ya Bi Mwanamvua na Kitanda cha Mhando

– Hadithi inabisha hodi!
– Ifungulieni mlango!
– Imetoka mbali, imechoka!
– Ipeni kigoda ikae!

Haya, imekaa. Na ninyi kaeni. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize, maana nikianza sipendi kukatizwa.

Hapo kale, kale hasa, mchwa alipokuwa bado anaona haya kula nyumba ya mtu mchana kweupe, palikuwa na kijana jina lake Mhando. Mhando alikuwa na mke, Tunu. Na Tunu alikuwa na mama, Bi Mwanamvua, aliyekaa ng'ambo ya mto.

Sasa shikeni desturi ya watu wale, maana msipoishika mtapotea, na mimi sirudi nyuma kuwatafuta. Kule, mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Mhando aliwahi kuingia kwenye upupu, akatoka anajikuna siku mbili, na watu wakamsifu: kijana ana heshima! Neno la mkwe kwenda kwa mkwe lilibebwa na mshenga, yule yule aliyepeleka posa. Mshenga wao aliitwa Semboja.

Tena, mtoto wa kwanza alizaliwa kwa bibi yake. Tunu akavuka mto na tumbo lake, akajifungua kwao mtoto wa kike. Akawekwa ndani siku arobaini. Hatoki, na mambo ya wakwe hayaingilii. Mhando huku ng'ambo ni baba, lakini ni baba wa mtoto asiyemjua hata pua. Alijua jambo moja tu: siku ya arobaini atarudishiwa mkewe na mwanawe, mradi awe ameandaa mahali pa mtoto kulala.

Mahali pa mtoto kulala. Jambo dogo, sivyo? Ngojeni.

Semboja alikuwa mtu mwema, msimchukie mapema. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Alikwisha kuona kwamba mshenga akileta neno tamu anachinjiwa kuku, na akileta neno chungu anaonyeshwa mlango na njaa yake. Basi kila alipofika mtoni aliinama, akachota maji kwa kiganja, akasukutua, akatema. Pwa! Neno chungu likaenda na maji. Akavuka na tamu peke yake.

Nikisema akasukutua, ninyi semeni pwa. Tumeelewana?

Siku ya kumi, Bi Mwanamvua akamwita Semboja. Akamwambia, "Baba, nifikishie kwa mkwe wangu. Mtoto alale kwenye susu, kile kikapu cha kusukwa, ining'inie juu, ifungwe kwenye boriti. Asilale kwenye kitanda cha chini. Mimi, kabla ya Tunu, nilizaa mwingine. Nilimlaza kitanda cha chini. Mvua zikaanza, siafu wakaingia ndani, mimi niko shamba. Mwambie hivyo hivyo, asije akadhani ni maringo ya kizee."

"Nitamwambia, mama," akasema Semboja, na machozi yakamlengalenga kwelikweli. Akaondoka. Lakini njiani akawaza: habari ya mtoto aliyekufa naipelekaje kwenye nyumba inayongoja mtoto? Na wali wa kule nitaulaje? Akafika mtoni, akasukutua.

Pwa!

Akamwambia Mhando, "Mama anakusalimu. Angependa susu."

"Susu?" Mhando akatazama juu. "Mjomba, boriti zangu zimeliwa na mchwa. Zimebaki maganda. Na paa silifumui, mvua ndizo hizi, mpaka tuvune. Nikining'iniza mtoto pale, ataanguka na boriti juu yake. Mwambie mama ukweli wote, hata kama ni aibu kwangu. Nitachonga kitanda cha miguu minne."

Semboja akala kuku, akaondoka. Mtoni akawaza: mama wa watu nitamwambiaje binti yake kaolewa kwenye maganda ya mchwa? Akasukutua.

Pwa! Mnaanza kuzoea.

Akamwambia Bi Mwanamvua, "Mkwe wako amesema asante sana. Anaandaa."

Bi Mwanamvua akaweka chini mwiko. "Amesema nini?"

"Asante sana."

"Kwa hayo niliyomwambia?"

"Kwa hayo hayo, mama."

Jamani. Mtu umetoa kidonda chako ukamwonyesha mwenzako, akajibu asante. Bi Mwanamvua akageuza maneno yale siku nzima asione mbele yake wala nyuma yake. Labda vijana wa siku hizi wanafariji hivyo? Mwishowe akasema huenda kijana ameona aibu. Akasuka kamba ya katani, pima nane, nene kama kidole gumba. Siku ya ishirini akampa Semboja.

"Mpelekee. Aifunge boriti kubwa ya katikati. Na mwambie jibu lake limeniumiza."

Mtoni, akasukutua.

Pwa!

"Mama amekuletea kamba," akasema Semboja. "Anakupenda sana."

Mhando akaishika kamba. Akaigeuza. Hata akainusa. "Ulimwambia boriti zimeliwa?"

"Maneno yako niliyabeba mdomoni, mwanangu." Na hapo hakusema uongo, aliyabeba mpaka mtoni.

"Nimwambie nyumba yangu inaoza, aniletee kamba? Kamba ya kufungia nini? Boriti zisidondoke? Ananicheka?" Akakaa chini, kichwa mikononi. "Mwambie nimechonga miguu miwili, imebaki miwili. Na mwambie simwelewi."

Akasukutua.

Pwa!

"Kamba imempendeza," Bi Mwanamvua akaambiwa. "Anasema ni imara."

Wewe huko nyuma unacheka. Cheka. Lakini siku ya thelathini mwanamke mmoja mchuuzi wa chumvi alivuka mto, akamwambia Bi Mwanamvua, "Mkweo ana mkono! Nimekiona kitanda cha mtoto anachokichonga, miguu minne, kifupi, kinapendeza."

Bi Mwanamvua hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliingia ndani, akamchukua mtoto kifuani kwa Tunu, akamshika muda mrefu. Tunu akamwona mama yake analia, akauliza kuna nini, akajibiwa, "Ya wakwe hayo. Wewe una arobaini." Kisha mama akatoka, akamwambia Semboja, "Kamwambie Mhando hivi. Mtoto haondoki hapa. Arobaini ipite, themanini ipite, mpaka nife. Aliyekisikia kifo cha mwanangu akachonga kitanda kile kile, sina mjukuu wa kumpa."

Maneno hayo, ndugu zangu, hata mto mzima hautoshi kuyasukutua. Semboja alijaribu. Akasukutua mara moja, pwa. Mara mbili, pwa. Mara tatu, pwa! Akamwambia Mhando, "Mama anasema mtoto atakaa naye kidogo. Anampenda."

"Kidogo siku ngapi?"

"Kidogo tu."

Mhando akakitazama kitanda. Miguu minne imekamilika, mbao za pembeni zimekaa sawa, bado kuwambwa kamba tu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, hata sijui tunagombania nini. Kila nikisema neno zito najibiwa salamu. Mwambie mama naomba mwanangu. Nimekosa nini aniambie, nitarekebisha. Naomba kumwona mwanangu."

Semboja alirudi kichwa chini. Alikuwa ameshaogopa, na mtu akiogopa huzidisha. Tena aliwaza pilau ya arobaini. Akasukutua, akamwambia Bi Mwanamvua, "Mkwe wako amekubali yote. Kitanda amekivunja. Susu itafungwa boriti ya katikati. Njooni siku ya arobaini."

Siku ya arobaini wakaja. Asubuhi, mvua imetoka kunyesha. Mbele Bi Mwanamvua na susu mpya ya ukindu begani. Nyuma Tunu na mtoto. Mwisho kabisa Semboja, anatembea kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Mhando aliposikia hodi, akafanya inavyopasa: akaingia nyuma ya mkeka ulioning'inizwa kugawa chumba, asionane na mkwe. Mkeka tu ndio uliowatenga. Mtoto akalia kidogo. Mhando akaisikia sauti ya mwanawe kwa mara ya kwanza, akatega sikio kwenye mkeka.

Bi Mwanamvua akaingia, akatazama. Kitanda kipo. Miguu minne. Kifupi.

"Mshenga," akasema, "mwulize mkwe wangu. Susu yangu nitaifunga wapi, na hiki hapa ni nini?"

Semboja akageukia mkeka. Kutoka kwa mama mpaka kwa mkwe ni hatua tatu. Akapiga hatua moja, akatafuta mto. Hakuna mto. Akapiga ya pili. Hakuna hata kata ya maji. Ya tatu. Mdomo mkavu.

"Mama anasema... nyumba yako nzuri."

Mkeka ukatikisika.

Kisha nyuma ya mkeka, "Mjomba, mbona nimesikia anauliza susu ataifunga wapi?"

Eh! Semboja akageuka. "Mkwe wako anasema... karibu sana."

"Mbona mimi nimesikia vingine?" akasema Bi Mwanamvua.

Basi wakasimama hapo wote, wamechanganyikiwa. Wanasikiana, lakini haijuzu kusikiana. Kila neno linafika mara mbili, na linafika tofauti. Nawauliza ninyi: ungekuwa wewe, ungeshika masikio yako au ungeshika desturi?

Aliyepata akili ni Tunu. "Arobaini yangu imekwisha," akasema, "na mdomo wangu umetoka ndani pamoja nami. Mjomba Semboja, simama hapo hapo. Mama, sema mwenyewe yale uliyomtuma tangu mwanzo. Pole pole."

Bi Mwanamvua akautazama mkeka. "Nilimwambia nilizaa mtoto kabla yako. Nilimwambia siafu. Akanijibu asante."

Nyuma ya mkeka Mhando akasema, na sauti haikuwa yake, "Sikuambiwa. Naapa sikuambiwa. Niliambiwa, mama angependa susu, basi. Mimi nikasema boriti zimeliwa na mchwa, mtoto ataangukiwa. Nikaletewa kamba."

"Boriti zimefanyaje?"

Bi Mwanamvua alikuwa na fimbo. Akaiinua, akagusa boriti ya katikati, ile kubwa, kugusa tu. Vumbi likamwagika kwenye kanga yake, na kipande kirefu kikaanguka sakafuni, chepesi, kitupu ndani. Kilianguka hapo hapo ambapo susu ingening'inia. Tunu akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

Wote wakageuka kumtazama Semboja. Semboja akatazama miguu yake.

"Niliwapenda wote," akasema.

Na Mhando, mkwe mwenye heshima kuliko wote ng'ambo zote mbili, akausogeza mkeka akatoka. Tunu akafunika macho. Bi Mwanamvua hakuingia porini, maana pori lilikuwa mbali. Wakatazamana, yule mama na yule kijana, kwa mara ya kwanza tangu ndoa.

"Mama," Mhando akasema, "huyo mtoto aliitwa nani?"

Bi Mwanamvua akakaa juu ya kile kitanda kisichowambwa bado, kwenye ubao wa pembeni. Miaka yote ile watu walimwambia pole, walimwambia sahau, walimwambia utapata mwingine. Hilo hakuna aliyemwuliza.

"Siwema," akasema.

"Tumwite huyu Siwema?"

"Hapana, baba. Jina la mwenzake ni la mwenzake. Huyu mtafutieni la kwake." Akafuta uso kwa kanga ile yenye vumbi. Kisha akapiga ubao aliokalia. "Lakini kimechongwa vizuri. Kamba yangu iko wapi?"

Mnajua kuwamba kitanda kunataka watu wawili. Mmoja anapitisha, mwingine anavuta, na lazima mtazamane, la sivyo kamba inalegea. Wakawamba kwa kamba ya katani, pima nane zote. Mama anapitisha, kijana anavuta. "Vuta." "Nimevuta, mama." "Hujavuta." "Nimevuta!" Wakagombana mpaka kamba ikawa ngumu kama ngoma. Wakakisogeza mbali na boriti ile, na juu yake wakatandika susu. Chini, kila mguu ukawekwa ndani ya bakuli la maji, siafu asipate pa kupandia.

Ndipo Bi Mwanamvua akamchukua mtoto kwa Tunu, akampa Mhando kwa mikono yake mwenyewe, hakumpitisha kwa mtu. Mhando akamtazama pua.

Na maji ya mabakuli manne nani aliyateka? Semboja. Kila asubuhi, mtoni, mtungi kichwani, mpaka mtoto akaweza kutembea. Kuku hakunyimwa. Watu wale walikaa wakafikiri, wakaona kosa halikuwa la mdomo wake peke yake, njaa nayo ilichangia. Toka siku hiyo, kule kwao, mshenga akifika hapewi nafasi ya kusema neno. Kwanza analishwa ashibe, anawe, atulie. Ndipo anaulizwa, na kwa kuwa kuku yuko tumboni tayari, hana sababu ya kuficha.

– Hadithi inaaga!
– Isindikizeni!
– Nimewapa nzima!
– Tumeipokea nzima!

Basi atakayeibeba kwao aibebe hivyo hivyo, na akifika mtoni apite amefumba mdomo. Mimi nimemaliza, na chakula sijala bado.