Tochi kwenye Msumari wa Gereji

Wahenga hawakuuchukia msala mpya. Walipotuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, hawakusema kwamba msala huo ni mbovu. Huenda ni mzuri kweli, umefumwa kwa ustadi na rangi zake zinavutia macho. Walichosema ni kwamba huo unapita tu, tena uko kwapani mwa mwenyewe, ilhali mbachao, ule mkeka wako mkuukuu, ndio unaoyajua magoti yako. Anayebisha na aende Montana, katika mji mdogo wa Sutter Ford, akamuulize Orrin Tveit.

Orrin alikuwa fundi wa mabasi ya shule, na baada ya kustaafu mikono yake ilikataa kustaafu pamoja naye. Theluji ilipofunga njia alijifungia gerejini akatengeneza risasi za bastola. Hilo halikumshangaza mtu. Katika Sutter Ford, mwenye bastola anayenunua risasi dukani huonekana kama mkulima wa viazi anayekwenda sokoni kununua viazi. Maganda yaliyokwisha kupigwa huokotwa, husafishwa, hutiwa viwashio vipya, humiminiwa baruti, kisha kichwa cha risasi hukazwa mdomoni. Orrin mwenyewe hakuwa mpigaji hodari. Mpigaji alikuwa mkewe, Ardis, na kila risasi iliyotoka gerejini ilikwenda kulipuka mkononi mwake.

Mikono hiyo ya Ardis ilijulikana mji mzima. Tangu usichana wake alikuwa akipiga kinanda katika kanisa la Kilutheri, na vidole vyake vilikimbia juu ya vibonye kama kuku wanaomwagiwa mahindi. Majira ya joto, wapenzi wa bastola walipokutana kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, wamevaa kofia pana na mavazi ya wachunga ng'ombe wa enzi za mababu, kila mtu aliitwa kwa jina lake la mchezo. Ardis aliitwa Mama Kinanda. Alikuwa mwepesi kuliko wanaume wengi waliokuja pale na sharubu zao.

Katika gereji ile Orrin hakufanya kazi peke yake. Jirani yake Lowell Prang, mpima ardhi mstaafu ambaye jina lake la mchezo lilikuwa Kobe, alikuja kila majira ya baridi na tochi yake ndogo. Orrin alimimina baruti, Lowell alimulika. Hakuna kichwa cha risasi kilichowekwa kabla Lowell hajachungulia ndani ya kila ganda kwenye trei. Tena walikuwa na sheria moja waliyoishika kama amri ya Musa: kazi ikikatizwa, kwa simu, kwa mgeni au kwa chafya iliyozidi, maganda yote ya trei humwagwa na kazi huanza upya. Ardis aliwahi kufungua mlango ghafla kuwaita wale lefse, zile chapati nyembamba za viazi ambazo mama yake alimrithisha, akawaona wazee wawili wakimwaga kazi ya asubuhi nzima bila kulalamika. Toka siku hiyo alibisha hodi na kungoja, kama mtu aliye kwa daktari.

Baruti yao ilikuwa ya kizamani. Ilikuwa ya chenga nene, chafu, na iliacha masizi yaliyomfanya Ardis aende kinandani na kucha nyeusi. Hata dukani ilikuwa imeanza kuadimika. Lakini ilikuwa na fadhila moja: ilijaza nafasi. Kipimo kimoja kilipita nusu ya ganda, na aliyesahau akamimina mara mbili aliiona ikifurika mezani kama uji uliosahauliwa jikoni. Baruti hiyo haikuweza kuficha kosa.

Majira hayo ya baridi akahamia mjini Trent Maddox, mtu mcheshi mwenye gari kubwa na maneno matamu. Alimletea Orrin kibati cha baruti mpya. Ilikuwa laini, nzito, yenye nguvu. Chembe chache tu chini ya ganda zilitosha, na bastola ilibaki safi hata baada ya mashindano. Orrin alipoijaribu alitabasamu mpaka masikioni. Alimwonyesha Lowell vidole vyake vyeupe kama aliyefanya muujiza.

Lowell alilichukua ganda moja, akalimulika.

"Kipimo kimoja kiko chini kabisa huku," akasema. "Viwili navyo vitakuwa chini kabisa huku. Utaonaje?"

"Nitaona kwa sababu nina macho," Orrin akajibu. "Lowell, wewe ukipewa gari jipya utauliza ng'ombe wa kulivuta yuko wapi."

Trent alicheka. Labda kama asingecheka mambo yangeishia hapo. Orrin, akiwa amepata msikilizaji, akaongeza chumvi: akasema kwamba kazi ya kumulika ni ya watu wasioiamini mikono yao, na kwamba baruti ya kisasa haihitaji mlinzi. Hayo hayakuwa maneno ya kumwambia mtu aliyekulinda miaka yote bila kuomba hata ahsante. Lowell alikwenda kwenye ukuta, akaitoa tochi yake kwenye msumari ilipotundikwa siku zote, akaitia mfukoni. Alimwomba Orrin amsalimie Ardis, akatoka. Theluji ikayeyuka, mito ikajaa, na wazee wale hawakusemezana.

Orrin aliendelea na kazi peke yake. Kuna siku alikuwa katikati ya trei, mkono kwenye wenzo wa kipimio cha baruti, Trent alipopiga honi nje. Alikuwa amemaliza kuunda kigari cha kubebea bunduki, kina magurudumu ya mbao, na alitaka kisifiwe papo hapo. Orrin akatoka, akakisifu, wakaongea habari za mashindano, akarudi. Aliiangalia trei. Sheria aliikumbuka, sitamsingizia kwamba aliisahau. Lakini kumwaga trei nzima kwa ajili ya kigari? Alichungulia ndani ya maganda kama alivyozoea kuchungulia baruti ya zamani, kwa jicho moja na haraka, akaona giza chini, akaridhika. Akaendelea pale alipodhani aliishia. Ganda lililokwisha kulishwa likalishwa tena, na la jirani yake likaachwa na njaa.

Mashindano ya kwanza ya mwaka yalifunguliwa siku ya jua na upepo mkali. Ardis alikuwa anaongoza. Nyuma ya bega lake, na kifaa cha kupimia muda mkononi, alisimama Lowell, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa yake siku zote, na ugomvi wa wanaume wawili haukumhusu Ardis. Orrin alikaa kwenye ubao wa wapiga makofi akijifanya kuangalia milima.

Ardis alifyatua, bati la shabaha likalia. Akafyatua tena, bati likalia. Mara ya tatu mlio ulikuwa mdogo, kishindo hafifu kama cha kitabu kilichoanguka kwenye zulia. Bati halikulia. Vidole vyake havikungoja. Vilikuwa vimekwisha kuivuta nyundo ya bastola kwa risasi iliyofuata.

"Simama!" Lowell alisema, na mkono wake ulikuwa tayari umemshika Ardis kifundo cha mkono, bastola ikielekea kwenye ukuta wa kokoto.

"Nimekosa shabaha tu, Lowell. Niachie, muda unakwenda."

"Mwache Mama Kinanda apige!" Trent aliita kutoka nyuma. "Anaongoza huyo!"

Lowell hakugeuka. "Ardis, nimeshawahi kukusimamisha bure?"

Ardis alifikiri, na naamini ndiyo fikra fupi na yenye thamani kuliko zote za maisha yake. Akakitoa kidole kwenye kifyatulio, akaishusha nyundo taratibu kama Lowell alivyomwelekeza, akaiweka bastola mezani.

Wakaitoa silinda, lile pipa dogo linaloshika risasi. Lowell akaingiza kijiti cha mbao kupitia mdomo wa mtutu. Kiliingia kidogo, kikagota. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama ndani, kimesukumwa na kiwashio peke yake, bila baruti. Risasi iliyofuata ingekikuta mlangoni. Kila mtu pale aliwahi kusikia habari za bastola iliyopasuka mkononi.

Lowell hakuishia hapo. Aliitoa ile risasi iliyokuwa zamu yake kupigwa, akaing'oa kichwa kwa nyundo ya kazi hiyo, akamwaga baruti yake kwenye sahani ya karatasi iliyobaki baada ya pai. Akang'oa nyingine, akaimwaga kwenye sahani ya pili. Hakukuwa na haja ya mizani. Rundo la kwanza lilikuwa maradufu ya la pili.

Orrin alikuwa ameshafika mezani. Alizitazama sahani, kisha akaitazama mikono ya mkewe iliyokuwa imepumzika juu ya meza, akakaa chini kwenye kokoto.

"Ni mimi," akasema. "Trent alipiga honi nikatoka. Niliporudi sikumwaga."

"Baruti yangu ndiyo..." Trent alianza kwa sauti ndogo.

"Baruti haina kosa," Lowell akamkatiza. "Inataka jicho lake tu. Huyu alikuwa na jicho la ile ya zamani."

Orrin alimtazama kutoka pale chini. "Nilikutukana, Lowell. Na wewe umekuja ukasimama pale pale."

"Ningesimama wapi? Mkeo akipoteza kidole, Jumapili tutaimba na gitaa la mchungaji. Wewe umewahi kulisikia gitaa la mchungaji?"

Ardis alicheka kwanza, machozi yakamfuata. Alimshika Lowell mikono yote miwili, akasema, "Ahsante."

Jumapili iliyofuata Orrin, ambaye kwa kawaida husinzia kabla wimbo wa pili haujaisha, alikaa benchi la mbele macho yakiwa wazi. Hakuyasikia mahubiri. Alikuwa akiviangalia vidole vya mkewe vikikimbia juu ya vibonye, vyote vipo, vyote vizima, na kwa kila kimoja alimshukuru Mungu, na baada ya Mungu, Lowell. Ardis aligundua anatazamwa akakosea noti moja. Orrin aliiona tamu kuliko zile zilizokaa sawa.

Alasiri ile risasi zote za majira ya baridi zilivunjwa, moja baada ya nyingine. Kibati kipya kilirudishwa kwa mwenyewe kwa ahsante, naye Trent akaalikwa aje ajifunze kumulika, akaja na kukaa kimya, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Baruti ya zamani ikarudi mezani na masizi yake. Lowell aliingia wa mwisho. Alikwenda ukutani akaitundika tochi kwenye msumari wake, ambao Orrin hakuwa ameutundikia kitu kingine tangu theluji.

Hodi ikabishwa mlangoni, Ardis akangoja kando na sahani ya lefse mpaka trei ilipomalizika. Orrin alimpa Lowell ya kwanza, yenye siagi na sukari nyingi, na mkono wake uliokuwa mweusi kwa masizi uliacha alama pembeni. Lowell aliila hivyo hivyo.

Kwa hiyo mtu akikupitia na msala wake mzuri, usifu, lakini kwanza angalia ni nani aliyekuwa akikulinda ulipokaa kwenye ule mkuukuu. Orrin Tveit aliangalia akiwa amekwisha kuchelewa, na kama ana mke mwenye vidole kamili, ni kwa kuwa mbachao wake haukumwacha alipouacha yeye. Usiache mbachao kwa msala upitao.