Bi Mwanasiti Apeta Sumu ya Ghala la Sultani

Hapo zamani za masultani, alikuwako Sultani Mwinyigogo na waziri wake Mbarawa, mtu mwepesi wa kuapa. Waziri huyo alitaka ghala la mji lijae kabla ya sikukuu, basi akaamuru mahindi yapakiwe yakiwa mabichi. Ikawa njaa ilipoingia na ghala likafunguliwa, magunia yalitoka yameota kuvu, na kuku waliodonoa punje zilizomwagika wakafa.

Akaitwa Bi Mwanasiti aje kuyapeta, mjane fukara aliyelea wajukuu wawili kwa ungo wake. Alichota, akanusa, akaweka ungo chini. "Seyyidi, haya yana sumu. Siwezi kuyapeta watu wakayala."

"Ni vumbi la ghalani tu," akasema waziri. "Wallahi." Wakuu wote wa baraza nao wakaapa, maana wao walilishwa kutoka ghala jingine, la jumba la Sultani, na kiapo hakikuwapunguzia hata tonge.

Sultani akaghadhibika. "Basi ipete hiyo sumu itoke, na punje isipungue hata moja. Ukishindwa, kesho mtaanza kula wewe na wajukuu zako."

Bibi akaingiwa na hofu kubwa, kwani hakuwa na mwingine duniani ila wale watoto. Hata hivyo akainama. "Nimesikia, nami natii. Ila kupeta kwataka upepo, na upepo mzuri uko papa hapa barazani."

Basi akasimama upepo unakotoka, wakuu wakiwa upepo unakokwenda, akaanza kurusha. Vumbi la kijani likawavaa. Waziri akajifunika uso kwa kilemba, wengine wakakimbilia mlangoni wakikanyagana majoho.

"Mwakimbia nini?" akauliza Sultani. "Si vumbi tu?"

Wote walikuwa wameziba vinywa kwa majoho.

"Seyyidi," akasema Bi Mwanasiti, "hiyo ni sumu ya juu tu. Iliyobaki imo ndani ya punje, haipeteki. Wakubwa hawaitaki puani, nasi twaambiwa tuitie tumboni."

Sultani akaona haya mbele ya watu. Akaamuru magunia yale yote yachomwe, na ghala la jumba lifunguliwe kwa mji mzima.

"Na sisi tutakula nini?" akauliza waziri kwa unyonge.

"Kayawahi mahindi yale uliyoyaapia, bwana," akajibu bibi. "Moto bado haujawashwa."

Sultani akacheka hata machozi yakamtoka, na waziri ndiye aliyekimbia kwenda kuuwasha.